Tangi la matumbawe na bakteria wa kula taka: dalili, visababishi na la kufanya

Bakteria wa chupa huuzwa kama dawa ya kila kitu: tope, harufu, mwani, maji machafu. Wengi wanaoniita kuangalia matangi yao, kuanzia Casuarina hadi Watamu huku Malindi, huwa wameshamimina nusu chupa kabla hawajapima chochote. Tangi likizidi kuharibika, humimina na nusu iliyobaki. Nimeandika haya kwa ajili ya aliyefika hapo, na kwa anayetaka asifike.

Shika jambo moja kabla hatujaingia kwenye dalili. Bakteria wanakula taka kwa kutumia oksijeni, na wakishakula, taka bado imo tangini kwa sura nyingine. Chakula kilichooza kimekuwa amonia, kaboni dioksidi na miili ya bakteria wenyewe. Amonia hiyo huchukuliwa na kundi jingine, akina Nitrosomonas, ikawa nitriti. Kisha akina Nitrospira wanaifanya nitrati. Kundi la tatu linaishi ndani kabisa ya mawe na chini ya mchanga, pasipofika oksijeni, na hilo ndilo linaloigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayopotelea hewani. Ukiacha gesi hiyo na kaboni dioksidi, kila kingine kinatoka tangini kwa mkono wako: kwa skima (kifaa kinachotoa taka kwa povu), kwa kunyonya tope, kwa kubadilisha maji, kwa kuvuna mwani.

Kwa hiyo mbele ya dalili yoyote mimi huuliza mawili. Hewa inatosha? Na taka iliyogeuzwa inatoka tangini kwa njia gani?

Swali la hewa lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa walioandika karatasi ya chupa. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, gramu 35 kwa kilo, yakiwa na joto la nyuzi 25 hushika oksijeni isiyozidi miligramu 7 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 6.2 tu. Mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na nyumba inashika joto usiku kucha, tangi lisilo na kipoza-maji hufika nyuzi hizo bila shida. Joto hilohilo linawafanya bakteria, samaki na matumbawe wote wapumue kwa kasi zaidi. Dozi inayofaa katika chumba cha baridi Ulaya inaweza kuua samaki Malindi, na chupa ni ileile.

Maji yamegeuka meupe baada ya kutia bakteria

"Fundi, maji yamegeuka tui." Ndivyo wapishi na walinzi wa nyumba za wageni wanavyonieleza kwenye simu, na ni maelezo mazuri: weupe mzito unaoficha ukuta wa nyuma wa tangi, usio na chembe zinazoonekana kwa macho. Mimi huuliza kwanza ni kitu gani kimetiwa ndani ya siku mbili zilizopita, kwa sababu weupe huo una asili tatu na kila moja ina tiba yake.

Teka glasi mbili za maji ya tangi. Ya kwanza iweke mezani usiku kucha, isiguswe. Ya pili itie kijiko cha siki nyeupe, koroga, uitazame kwa dakika chache mbele ya kitambaa cheusi. Glasi ya siki ikitakata, weupe ule ni chokaa: kalsiamu imeganda kwa sababu mtu amemimina kwa pupa dawa ya kupandisha alikaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi). Glasi ya mezani ikitulia na kuacha vumbi la rangi ya udongo chini, hilo ni tope ulilolileta pamoja na maji ya bahari. Zikibaki nyeupe zote mbili hadi asubuhi, una mlipuko wa bakteria.

Mlipuko huo ni wa kundi la kwanza, wala taka. Wakipata joto na chakula, wanaongezeka maradufu katika muda usiotimia saa moja, ilhali wale wa amonia huhitaji saa nyingi, mara nyingine siku nzima na zaidi. Kwa hiyo chakula kinapozidi, wala taka wanajaa ndani ya maji yenyewe badala ya kukaa juu ya mawe. Chakula hicho hutoka wapi? Pengine ni dozi kubwa ya bakteria, maana chupa nyingi huwa na sukari au chakula cha bakteria ndani yake. Pengine ni siki au vodka inayotiwa kushusha nitrati. Pengine kuna kaa au samaki aliyefia nyuma ya jiwe, na hili ni la kulitafuta kwa tochi, usilikisie. Katika tangi jipya lenye mawe makavu, mabaki yaliyomo kwenye vitundu vya mawe yanatosha kuleta ukungu hata bila chupa.

La kufanya: usitie tone jingine la bakteria wala siki. Weka jiwe la hewa sasa hivi, hata kama samaki wanaonekana wazima, kwa kuwa ukungu huo unakula oksijeni usiku na mchana. Iongezee skima povu ili itoe majimaji mengi kuliko kawaida, na kikombe chake ukimwage mara kwa mara, kwani povu hilo linabeba miili ya bakteria na kuitoa nje. Simamisha chakula siku moja au mbili. Samaki mzima hatadhurika. Ukiwa na taa ya urujuanimno ya kuua vijidudu, iwashe. Kubadilisha nusu ya maji kwa sababu ya weupe peke yake hakusaidii sana, maana waliobaki watajaza pengo kufikia kesho. Badilisha asilimia 10 hadi 20 ikiwa umepima ukakuta amonia. Ukungu wa kawaida unatoweka ndani ya siku chache. Ukipita wiki bado upo, kuna chakula mahali fulani ambacho hujakiona: maiti, sponji iliyooza, au mtu wa nyumbani anayelisha samaki kwa huruma pasipo wewe kujua.

Hapa niseme kuhusu maji ya bahari, kwa sababu wengi wetu hatununui chumvi ya dukani. Mto Sabaki humwaga tope lake kaskazini tu ya mji. Wakati wa kusi mkondo unalipeleka tope hilo juu, kuelekea Mambrui, na ufuo wetu hupata nafuu. Kaskazi ikivuma, tope linashuka kusini na kuingia ghuba ya Malindi, na maji yanakuwa ya kahawia hata panapoonekana mbali na mto. Lile si udongo mtupu. Limebeba mabaki ya majani na mbolea za mashamba ya bara, na ukilitia tangini umewapelekea bakteria karamu. Mimi huchota maji yakiwa yamejaa kabisa, upande wa kusini wa mji, si siku za mvua kubwa, na huyaacha kwenye mapipa yenye kivuli hadi yatulie. Kisha hupima chumvi kwa refraktomita, kwani maji karibu na mlango wa mto huwa mepesi. Maji ya juu ndiyo yanayoingia tangini. Kilichokaa chini ya pipa kinabaki kwenye pipa.

Samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Ukiamka ukakuta kangaja na vitatange wako wamejipanga karibu na uso wa maji, vifuniko vya matamvua vikienda mbio, na ikifika saa nne asubuhi wametulia kana kwamba hakuna kitu, tatizo ni oksijeni ya usiku. Mchana mwani na matumbawe hutoa oksijeni kwa mwanga wa taa. Usiku kila kiumbe ndani ya tangi anavuta, hakuna anayetoa, na bakteria uliowatia jioni wanavuta kuliko wote. Kabla ya mapambazuko ndipo kiwango kinapofika chini kabisa. Pima pH (kipimo cha uasidi wa maji) saa hiyo na upime tena alasiri. Tofauti kubwa, kwa mfano 7.7 alfajiri na 8.3 alasiri, inaonyesha kaboni dioksidi imejazana usiku kwa kukosa njia ya kutoka.

Kwa hiyo bakteria na siki vitiwe asubuhi baada ya taa kuwaka, kamwe visitiwe wakati wa kulala. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji ukatike na kuchezacheza. Maji yaliyolala na kufanya utando wa mafuta juu hayapumui, hata kama chini yanazunguka kwa nguvu. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha joto nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya yavukize, mradi ufidie kwa maji matamu yaliyochujwa, usifidie kwa maji ya chumvi. Vyumba vinavyofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi vina kaboni dioksidi nyingi kuliko veranda, na skima inayovuta hewa ya chumba hicho inairudisha ndani ya tangi. Pitisha mpira wa hewa wa skima hadi nje ya dirisha. Ni kazi ya dakika kumi na pH hupanda.

Halafu kuna stima. Ikikatika, tangi lililojaa samaki katika joto letu lina saa chache tu. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ni kifaa cha bei ndogo, na kwangu inakuja kabla ya chupa yoyote ya bakteria. Wenye chujio la mkebe uliofungwa wawe waangalifu zaidi: maji yaliyosimama ndani yake hukosa oksijeni mapema, bakteria wa ndani wanaanza kufa, na stima ikirudi pampu inasukuma uozo wote tangini kwa mkupuo. Kukatika kukichukua saa kadhaa, fungua mkebe, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Amonia imepanda badala ya kushuka

Soma chupa imeandikwa nini. Nyingi zinazoahidi kumaliza tope zina Bacillus au jamaa zao. Hao wakila protini wanatoa amonia; ndiyo kazi yao. Katika tangi lililokomaa, kundi la pili linaipokea amonia hiyo papo hapo na wewe huoni kitu. Katika tangi la wiki mbili hakuna wa kuipokea, nayo inapanda. Ukitaka kuanzisha tangi jipya, unahitaji chupa ya bakteria wa nitrati, yaani kundi la pili, na hiyo ndiyo inayosumbua huku kwetu. Bacillus hutengeneza mbegu ngumu zinazovumilia joto la buti ya basi kutoka Nairobi au Mombasa. Akina Nitrosomonas na Nitrospira hawana kinga hiyo. Chupa yao ikichemka njiani au ikigandishwa kwenye friza, unachomimina ni maji ya maiti, ambayo nayo yanaoza na kuongeza amonia. Muulize muuzaji imesafirije, na angalia tarehe.

Ikiwa tangi ni kuukuu na amonia imetokea ghafla, tafuta kilichoua kundi la pili. Mara nyingi ni usafi uliopita kiasi: sponji na mawe ya chujio vimeoshwa kwa maji ya mfereji, na klorini ya mfereji haibagui bakteria wazuri na wabaya. Vioshwe kwa maji uliyoyanyonya tangini, tena nusu leo na nusu baada ya wiki mbili au tatu. Antibayotiki kama erithromaisini, ambayo watu hutia kumaliza utelezi mwekundu, inaweza kuwagusa na hawa. Dawa ya samaki yenye shaba iwe kwenye tangi la karantini tu. Ikiingia kwenye tangi la matumbawe, konokono na kamba watatangulia kufa kabla hujawaza habari za bakteria.

Jinsi pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa katika ile hali inayopenya matamvua na kuua. Tangi la bahari la pH 8.3 na nyuzi 29 lina vyote viwili. Ukiona kiasi chochote cha amonia, badilisha maji, acha kulisha, na tumia dawa ya kuifunga ikiwa unayo, ukijua kwamba baadhi ya vipimo vitaendelea kuionyesha hata ikiwa imefungwa. Nitriti isikutie hofu kiasi hicho. Katika maji ya bahari kloridi nyingi iliyomo inaizuia isiingie kwa urahisi kwenye damu ya samaki, tofauti na matangi ya maji matamu. Ila nitriti hudanganya kipimo cha nitrati na kukipandisha, basi usianze kupambana na nitrati hadi nitriti iishe.

Nitrati ni ileile, mwezi hata mwezi

Anayetia bakteria wa kula taka akingoja nitrati ishuke anangojea kinyume. Kadiri wanavyofanya kazi vizuri, ndivyo nitrati inavyoongezeka, kwa kuwa huko ndiko amonia inakoishia. Ina njia mbili za kushuka kupitia bakteria.

Njia ya kwanza ni mawe. Jiwe lenye vitundu vingi ndani lina sehemu zisizofikiwa na oksijeni, na humo ndimo kundi la tatu hufanya kazi. Tafadhali usivunje jiwe lolote kwenye mwamba. Hifadhi ya Bahari ya Malindi ililindwa mwaka 1968, na ndani yake hakuna ruhusa ya kuchukua jiwe, kombe wala mchanga; na hata nje ya mipaka yake, miamba yetu ilipoteza matumbawe mengi kwa joto la 1998. Aliyeona ilivyokuwa kabla hahitaji kuambiwa sheria. Jiwe la matumbawe la machimbo ya nchi kavu, lile tunalojengea nyumba, linafanya kazi hiyohiyo likiandaliwa vyema. Chagua lisilo na saruji wala chokaa mpya, lililo jepesi kwa ukubwa wake, kwani wepesi unaonyesha vitundu. Lisugue, lizamishe kwenye maji matamu kwa majuma kadhaa ukibadilisha maji, na upime fosfati ya maji hayo kabla ya kuliingiza. Kisha kipande kimoja kutoka kwa mwenzako aliye na tangi lenye afya kitalipa uhai polepole. Kundi la tatu linachukua miezi, na hakuna chupa inayoliharakisha sana.

Njia ya pili ni kuwalisha bakteria kaboni ili waivute nitrati na fosfati kutoka kwenye maji waijenge miili yao, kisha skima iwatoe. Siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi asilimia 5 na isiyo na rangi wala sukari, inatosha. Siki ya nazi na siki za rangi ziache jikoni. Anza na mililita 1 kwa kila lita 100 za maji kwa siku, asubuhi, mahali maji yanapokwenda kwa nguvu. Kaa hapo wiki nzima. Ongeza kiasi hichohicho wiki ya pili, na kuendelea, hadi nitrati ianze kusogea; ikishaanza, usiongeze tena. Majuma ya mwanzo mara nyingi hayaonyeshi chochote, na hapo ndipo watu wanapokosa subira wakamimina kikombe.

Pasipo skima nzuri njia hii haifai, kwa sababu bakteria wasiotolewa wanakufa na kurudisha kila walichokivuta. Nitrati ikigoma ingawa siki imepanda, pima fosfati. Viumbe vya baharini hujenga miili yao kwa uwiano unaokaribia kaboni 106, nitrojeni 16 na fosforasi 1. Fosfati ikiwa sufuri, bakteria hawawezi kuongezeka hata wakizungukwa na nitrati. Kipandishe chakula kidogo, au toa dawa ya kufyonza fosfati iliyomo kwenye chujio, na utaona nitrati imeanza kushuka. Mimi hulenga nitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Sufuri siitafuti, na sehemu inayofuata inaonyesha kwa nini.

Utelezi mwekundu, au kamasi ya kahawia yenye viputo

Watu huviita vyote mwani na kuvitibu sawasawa. Ni viumbe viwili tofauti, na tiba ya kimoja inamnenepesha mwenzake.

Utelezi mwekundu au wa zambarau unaotandazika kama shuka juu ya mchanga, ukiuvuta kwa vidole unatoka kipande kizima, ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea. Unapenda pembe ambazo maji hayaendi na taka imetulia. Unyonye kwa mpira mwembamba, elekeza pampu kwenye pembe hiyo, punguza chakula. Bakteria wa kula taka wanaweza kusaidia hapa, kwa dozi ndogo baada ya kunyonya, kwani wanagombea chakula kilekile. Sianobakteria inayozidi baada ya kuanza siki inaniambia kaboni imekuwa nyingi. Rudi nyuma nusu ya dozi.

Kamasi ya kahawia yenye nyuzi, yenye viputo kwenye ncha, inayopungua usiku na kurudi adhuhuri, huenda ni dinoflajeli, viumbe wa chembe moja wanaoogelea. Kuna kipimo cha nyumbani. Ichote kidogo pamoja na maji, itie kwenye chupa ndogo, itikise hadi ivunjike yote, uichuje kwa karatasi ya shashi. Maji yaliyochujwa yaweke kwenye mwanga kwa saa moja. Ukiyakuta yamejikusanya tena na kufanya nyuzi na mabonge, ni dinoflajeli, wameogelea wakatafutana. Wengine wao, kama Ostreopsis, wana sumu: konokono wanalegea na kuanguka kwenye kioo, kisha wanakufa. Vaa glavu.

Dinoflajeli hutawala pale nitrati na fosfati zimekuwa sufuri, na washindani wao wamekufa njaa. Sababu ya kawaida ni mtu aliyetia siki, bakteria, na dawa ya kufyonza fosfati kwa pamoja akitaka maji safi kupita kiasi. Acha siki, toa dawa ya fosfati, ongeza chakula cha samaki, na usibadilishe maji kwa muda. Nitrati na fosfati zikionekana tena kwenye kipimo, mwani wa kijani mdogo utarudi na kuwabana. Taa ya urujuanimno husaidia kwa wale wanaoelea usiku. Kijani kwenye kioo wiki hiyo ni habari njema, usikisugue chote.

Harufu ya mayai viza

Imetoka chini ya mchanga, mahali ambapo hata nitrati imeisha na bakteria wamegeukia salfati. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka ni sumu kali. Mchanga wenye weusi ndani unaouona kwenye kioo uache ulivyo. Ni salama maadamu haujafukuliwa. Ukishafukuliwa kwa bahati mbaya, fungua madirisha, ongeza hewa tangini kadiri uwezavyo, weka kaboni hai (mkaa wa kusafisha maji) mpya kwenye chujio, na samaki wakionekana kulewa wahamishe kwenye ndoo ya maji safi ya bahari yenye jiwe la hewa. Tangi linapohamishwa nyumba, mchanga mkongwe usirudishwe bila kuoshwa.

Ncha za matumbawe zimechomeka

Matumbawe yenye matawi yanapoteza nyama kwenye ncha, mfupa mweupe unabaki wazi, na maji yanang'aa. Tazama alikaliniti. Bakteria na siki vikishavuta chakula chote majini, matumbawe hayawezi kumudu alikaliniti ya 10 au 11 (kwa kipimo cha dKH) inayoyasukuma yajenge mfupa kuliko nyama inavyoweza kufuata. Ishushe taratibu hadi 7 au 8, karibu na maji ya bahari yenyewe, na ulishe samaki zaidi. Ncha iliyokufa hairudi nyama upesi. Unachotafuta ni mstari wa weupe usiteremke.

Tope halipungui hata kidogo

Hili linavunja watu moyo kuliko yote. Wametia kila wiki, kwa dozi iliyoandikwa, na nyuma ya mawe kuna vumbi lilelile la kahawia.

Chota kidogo ulisugue kati ya vidole. Likiwa na chengachenga, sehemu kubwa ni madini: udongo wa Sabaki, chokaa, mchanga laini. Bakteria hawali mawe, litoe kwa mpira wa kunyonya. Likiwa laini na lenye utelezi, ni taka ya kuoza na wanaweza kuila, lakini mahali limelala hapana mkondo, na pasipo mkondo oksijeni hainunuliwi na chupa. Puliza nyuma ya mawe kwa pampu ya mkono mara moja kwa wiki huku soksi ya chujio ikiwa mahali pake, kisha toa soksi siku ileile ukaioshe. Soksi iliyoachwa siku tano inaozesha taka ndani ya maji yaleyale uliyokuwa unayasafisha. Tope ulilolinyonya limwage kwenye karo au udongoni mbali na kisima; lisirudi baharini, kwa sababu limebeba bakteria, vimelea na wanyama wa maduka ambao mwamba wetu haukuwahi kukutana nao.

Angalia pia kama bakteria wanapata nafasi ya kukaa. Taa ya urujuanimno na skima zikiwa zinafanya kazi wakati unamimina, sehemu yao inaishia huko kabla haijagusa jiwe. Vizime kwa saa chache ikiwa chupa inaelekeza hivyo, jiwe la hewa likiendelea.

Bado unaishuku chupa yenyewe? Ya bakteria wa nitrati inapimika. Changanya maji mapya ya chumvi kwa maji yaliyochujwa, yagawe kwenye mitungi miwili, kila mmoja na jiwe lake la hewa, uitie yote miwili amonia hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Mmoja utie bakteria, mwingine uuache. Viweke kivulini, pima kila jioni uandike. Bakteria hai wataanza kuishusha amonia ndani ya siku chache, na nitriti itaonekana kwenye mtungi wao peke yake. Baada ya siku kumi, mitungi yote ikiwa bado inasoma 2, rudisha chupa ulikoinunua pamoja na karatasi ya vipimo vyako.